Aliyeitika Kilimani

Nilipokuwa mtoto niliwahi kuwa changamoto ndogo. Sisemi hivyo kwa kujishusha; imeandikwa. Waraka wenyewe uliitwa "Taarifa ya Ziara ya Uhakiki wa Uwepo wa Ubeti Ukutani na Changamoto Ndogo Iliyojitokeza." Ukiusoma pamoja na mihuri yake utaona kwamba ubeti ulihakikiwa ukakutwa upo, wageni walitajwa kwa vyeo vyao, chai ilinywewa, na changamoto ndogo "ilipatiwa ufumbuzi kwa ushirikiano wa wadau." Changamoto ni mimi. Wadau ni bibi yangu.

Kilima kiko nyuma ya Pasiansi, upande wa ziwani. Ni kama vilima vyetu vyote vya Mwanza: rundo la majabali ambayo mgeni akiyaona huuliza kwa nini hayaanguki, na mwenyeji hana jibu zaidi ya kwamba hayajaanguka. Juu yake kuna boma. Kuta za chini zilijengwa na watemi wa zamani, mawe yamepangwa bila udongo wala chokaa. Wajerumani walipofika wakaongeza chokaa na kusema wamejenga wao. Waingereza wakaligeuza ghala. Serikali yetu ikaweka kibao. Kibao kinasema ni marufuku kuandika ukutani, na hilo hunichekesha hadi leo, kwa sababu kitu pekee kinachowapandisha watu pale juu ni maandishi ambayo mtu aliyaandika ukutani.

Mtu huyo alikuwa karani wa Wajerumani. Wapo wanaosema alifungwa kwa kula kodi, wapo wanaosema alitunga shairi juu ya tumbo la bwana mkubwa. Mimi nimechagua la tumbo. Akiwa ndani, akachukua mkaa akaandika ubeti mmoja kwenye ukuta wa chumba alimofungiwa. Mishororo mitatu inasomeka; wa nne umeliwa na unyevu. Shule zote za upande ule tuliukariri ubeti huo, na kila mtihani ulituuliza mshororo wa nne ungesemaje. Kila mtoto wa Pasiansi amewahi kuutunga mshororo huo, na kila mtoto amekosa.

Bibi hakujali mishororo. Alichojali ni jinsi karani alivyobaki. Kila jioni, alisema, wafungwa waliitwa majina yao uani, na kila mmoja alitakiwa kujibu kwamba yupo. "Karani naye akasema nipo. Kila siku nipo, nipo. Alisema yupo, kilima kikamsadiki." Siku alipoachiwa huru aliteremka hadi ziwani, akakaa kidogo kwenye mawe, akapanda tena. Akajenga kibanda nje ya ukuta, akazeekea hapo. Hakuna aliyemshika. Alikuwa tu hawezi kuondoka.

Ndiyo maana wenyeji wa kilima kile hawaitani majina ndani ya boma. Wanawake wanaokata kuni huko hupigiana mbinja, au husema "wewe wa kanga nyekundu." Ikitokea umeitwa, huitiki, wala hutoi sauti yoyote mpaka utoke nje ya lango. "Mwili ni mzembe," bibi alikuwa akisema. "Sauti ikibaki mahali, mwili nao unajivuta kwenda kukaa huko."

Nilikuwa naishi na bibi huyo, mama wa baba yangu, katika nyumba yake ubavuni mwa kilima. Wazazi wangu walikuwa Magu wakilima mpunga, na mimi niliachwa mjini kwa sababu ya shule. Bibi alianika dagaa kwenye majabali ya ufukweni na kuuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, ambavyo mtoto aliyelelewa kwa bibi huvila mpaka akavichukia halafu akiwa mtu mzima akavitafuta mji mzima. Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani. Nilipomuuliza kama padri anajua habari za kilima, alisema padri hakuuliza.

Nilipewa jina lake. Yeye ni Minza na mimi ni Minza. Lakini sikumbuki hata siku moja aliyoniita hivyo. Aliniita wajina, kwa upole akiwa radhi na kwa kuvuta akiwa amekasirika: "Wajiiina! Kuku wako kwenye dagaa!"

Sasa mwaka ule tukaletewa mwalimu mpya wa Kiswahili, Mwalimu Bwire, kutoka ufukwe wa Mara. Alikuwa mrefu, mpole, mpenda mashairi, na mpenda utaratibu kuliko mashairi. Aliposikia kwamba kuna ubeti wa kale umbali wa kutembea kwa miguu, hakulala. Akaandika barua. Barua ikapanda ngazi, ikashuka, ikarudi na afisa utamaduni, kwa sababu ilibidi kwanza kuhakiki kama ubeti uliokaa pale tangu enzi za Mjerumani bado upo. Afisa ndiye aliyekuwa na ufunguo. Chumba cha karani kilikuwa kimewekewa mlango wa nondo na kufuli baada ya mbuzi kukigeuza nyumba ya kulala wageni.

Asubuhi ya safari bibi alinifunga sweta vizuri shingoni.

"Wajina, wakianza kuitana majina huko ndani, wewe toka nje."

"Na mwalimu akiniita?"

"Mwalimu ana darasa lake. Akuite huko."

Tulipanda tukiimba, tulipofika langoni tukanyamaza bila kuambizana. Mlinzi, Mzee Masanja, alitupokea kwa kutikisa kichwa. Afisa alifungua kufuli, akatueleza umuhimu wa urithi, akatazama saa. Tuliingia chumbani kwa mafungu kuangalia ubeti kwa tochi yake. Mimi nilikuwa fungu la mwisho, na katika fungu hilo nilikuwa wa mwisho kutoka. Nikiwa bado mlangoni nikamsikia Mwalimu Bwire uani akisema, kwa sauti yake nzuri ya kusomea mashairi:

"Haya, kabla hatujashuka nitaita majina. Kila mtu aseme nipo."

Alisimama katikati ya lango. Njia ya kutoka ilikuwa yeye.

Watoto wengine walikuwa na akili kunizidi. Baadaye niliambiwa ilivyokuwa: Mwalimu Bwire aliita darasa zima lililokuwa limesimama mbele ya macho yake, na hakuna aliyekuwepo.

"Neema!"

Kimya.

"Neema, si nakuona?"

Neema akanyoosha mkono. Wote wakanyoosha mikono, mmoja baada ya mwingine, midomo imebanwa kama watu wanaokunywa dawa chungu. Mwalimu alidhani ni heshima kwa mahali pa kihistoria, akafurahi.

Mimi sikujua kwamba mkono unatosha. Nilirudi ndani. Nyuma ya chumba kile hakuna ukuta. Ni jabali lenyewe, na jabali lina ufa. Nilijiingiza ubavu-ubavu nikiwa na nia ya kuziba masikio mpaka majina yaishe. Ufa ulikuwa mpana juu na mwembamba chini, kitu ambacho mtu anakijua akishakanyaga. Mguu uliteleza, nikashuka mpaka kiunoni, sweta likajikunja kifuani, jabali likanishika.

"Minza!" Mwalimu aliita. "Minza!"

Nikafumba mdomo.

Neema, aliyenijua kwa uoga, alinyoosha mdomo kuelekea chini ya kilima, kwa maana kwamba pengine nimekimbilia nyumbani. Mwalimu akaelewa kwamba nimetangulia. Afisa akamulika tochi ndani ya chumba, akaona hakuna mtu, maana ufa hauonekani mpaka ukaribie kabisa, akafunga kufuli. Nilisikia ule mlio. Kidogo tu ningepiga kelele. Lakini jina langu lilikuwa limetoka kuitwa, tena mara mbili, na bado liko hewani ndani ya kuta zile likingoja mwenyewe aseme neno. Afisa akateremka, akapanda gari kwenda Magu kwenye semina, ufunguo mfukoni.

Ningependa kusema kwamba mle ufani niliuona mshororo wa nne. Wasomi wawili watatu wameniuliza hilo kwa shauku. Niliona mavi ya pimbi. Niliona pia mstari wa mwanga juu ya kichwa changu, ukianza mweupe na kuwa wa manjano kadiri mchana ulivyosogea. Mkono mmoja ulikuwa huru, mwingine ulikuwa nyuma yangu ukifa ganzi. Nilijifunza kwamba nikivuta pumzi nyingi jabali linanibana, na nikiitoa nateremka kidogo zaidi. Kwa hiyo nikawa navuta pumzi ndogondogo, kama mwizi anayeonja mchuzi. Kutoka mbali nilisikia boti za injini zikirudi, na nikawaonea wivu watu nisiowajua ambao walikuwa wanakwenda mahali.

Ndipo walipoanza kunitafuta.

"Minza! Minza weee!"

Kwanza mwalimu peke yake, halafu watoto wakubwa, halafu sauti za wanaume wa mtaani, wote wamesahau mwiko kwa hofu. Waliingia uani. Walipita nje ya chumba. Nilitambua hata ndala za mwenyekiti wa mtaa. Walichohitaji kusikia ni mimi kusema "huku" tu, na nilichokuwa nacho ni hilo neno moja tu, na nililikalia. Kadiri walivyoniita ndivyo nilivyojiona nikizidi kufungwa. Kila "Minza" ilikuwa kama mtu anaongeza jiwe. Nilijiziba mdomo kwa ule mkono uliobaki. Nilikuwa nalia kwa pua.

Nimewasimulia watu habari hii mjini, na hapo ndipo huniuliza, sasa ulikuwa unangoja nini? Naona wanafikiri woga una hesabu. Nilikuwa nangoja waache kuniita. Na nilikuwa naogopa wasije wakaacha kuniita.

Mwenyekiti akauliza kuhusu chumba.

"Kimefungwa," akasema Mzee Masanja. "Afisa amefunga mwenyewe."

"Hawezi kuwa ndani?"

"Mwenyekiti, chumba kimefungwa. Mtu angepitaje?"

Hakuna aliyeuliza kama mtu angeweza kuingia kabla hakijafungwa. Wakamulika, wakaona ubeti upo, wakaondoka. Nikasikia mtu mmoja akitaja ziwa kwa sauti ya chini, na mwingine akisema twendeni basi tukaangalie kabla giza halijaingia. Nyayo zikaanza kupungua. Mwanga juu yangu ulikuwa umekuwa mwekundu.

Halafu nikanusa dagaa.

"Mwadila," bibi akawaamkia kwa Kisukuma, kama amekuta watu kwenye kikao.

"Mwadila, mama."

"Shikamoo mama," akasema Mwalimu Bwire. Sauti yake nzuri ilikuwa imekauka. "Mama, samahani sana, mimi ndiye—"

"Marahaba. Umemwita humu ndani?"

"Tumemwita mchana wote, mama. Haitiki."

"Ataitikaje na mnamwita?"

Nadhani Mara hawana kitu kama hiki, au wanacho kingine. Bibi alitembea. Nilizijua ndala zake, ya kulia iliyokuwa imeshonwa kwa waya. Zilifika katikati ya uani zikasimama.

"Haya. Mwite tena."

"Mama, mimi nafikiri tukaangalie ziwa—"

"Mwite, mwalimu. Si ndiyo kazi yako?"

"Minza," akasema, kwa unyonge.

"Unamwita mgonjwa? Ita kama ulivyoita mchana, ulipotaka watu waseme wapo."

"Minza!"

"Nipo!" akasema bibi.

Hata watoto waliokuwa langoni waliacha kunong'ona. Mzee Masanja ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa Kisukuma, kitu kifupi ambacho maana yake ni umefanya nini mama.

"Nimeitwa nimeitika," akasema bibi. "Kuna Minza mwingine hapa? Mimi ndiye mwenye jina. Yule mtoto nimemwazima tu." Akageuza sauti kuelekea chumbani, sijui alijuaje, labda alikuwa anaelekeza popote. "Wajina. Minza ameshaitika. Yamekwisha. Sasa wewe sema uko wapi."

"Huku!" nikapiga kelele. "Bibi, nimekwama! Huku kwenye jiwe!"

Kilichofuata kilikuwa mabishano juu ya kufuli. Mzee Masanja alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa amekabidhiwa.

"Mama, kufuli hili ni la serikali."

"Na mtoto ni wa nani?"

"Mtoto ni wako."

"Basi wewe chukua cha serikali, mimi nichukue changu."

Mwenyekiti alishauri apigiwe simu afisa. Simu haikupokelewa, semina ilikuwa inaendelea. Nikasikia jiwe likigonga chuma, likagonga tena, na Mwalimu Bwire akihema. Ni yeye aliyevunja. Aliingia ufani na mikono yake mirefu akanishika chini ya makwapa, na bibi nyuma yake akisema, "Toa pumzi, wajina. Toa yote. Usiogope kuteremka, mwalimu amekushika." Nikatoa pumzi yote niliyokuwa nimeibana tangu mchana, akavuta. Sweta lilibaki mle. Ngozi kidogo ya ubavu pia.

Bibi hakunikumbatia hapo. Alinisukuma kuelekea langoni: "Toka kwanza." Nilipofika nje niligeuka kumtazama. Alikuwa bado uani, amesimama karibu na ukuta wa watemi, ameweka kiganja kwenye jiwe kama mtu anayekagua nyumba aliyokodi. Halafu akatoka, tukashuka, akanikaangia dagaa.

Wazazi wangu walikuja baada ya siku chache. Baba alimshukuru mwalimu, akamgombeza mwenyekiti, akatangaza kwamba sasa basi: nyumba ya Magu imeezekwa, wote tunahamia huko, mimi na bibi. Mimi nilikwishafunga nguo zangu.

"Nendeni," akasema bibi. "Mimi nimeitika."

Baba alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Mama, si ulikuwa unamtuliza mtoto tu?"

"Ndiyo. Nimtulize kwa uongo?"

Tulihama bila yeye. Baba alirudi kumbembeleza kila baada ya mavuno, na kila mara aliteremka na gunia la michembe. Bibi alikuja Magu kwenye misiba na harusi, akakaa mpaka jua linapoanza kuinama, halafu akaanza kutafuta kanga yake. Walipomwandalia kitanda alishukuru, akakaa juu yake kidogo ili wasijisikie vibaya, akaondoka. Macho yalipoanza kufifia nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima, nimepanga nyumba Mabatini, na nilimwambia aje nimtunze. Ni mji uleule, bibi, nikamwambia, kilima utakiona kutoka uani. Akasema kukiona siyo tatizo.

Mimi nilikwenda mbali. Nilisoma, nikafanya kazi miji mingine, nikavuka mipaka. Kila niliporudi kumwamkia aliniuliza swali moja, na aliuliza kwa furaha ambayo ilinichoma: "Safari hii umetoka wapi?" Nilipotaja jina la mahali alilirudia taratibu, mara nyingine vibaya, halafu akatingisha kichwa kama mtu aliyelipwa.

Mara moja tu nilijaribu. Alikuwa ameketi mlangoni, na mimi nilikuwa na gari la kukodi na ujasiri wa mtu aliyesoma.

"Bibi, nikapande pale niitike mimi? Nikutoe."

"Unitoe umweke nani?"

Akanipa ungo wa dagaa nichambue.

Watu huniuliza kama ninaamini. Inategemea nani anauliza. Kazini nasema ni urithi wa simulizi za jamii, na hilo huwaridhisha. Lakini nimewahi kupeleka wageni kwenye lile boma nikiwa mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni, mmoja wao akaniita kwa jina akiwa uani, na nilijikuta niko nje ya lango kabla sijamjibu. Niliwaambia nimetoka kupokea simu. Najua jiwe halisikii. Najua pia kwamba bibi hakuwahi kulalamika, hakuwahi kunikumbusha, na hakuwahi kusema kwamba amenifanyia kitu. Na kwamba mtu anaweza kufungwa na neno lake mwenyewe kwa uthabiti kuliko nondo na kufuli, bila mlinzi yeyote, ili tu mtoto mmoja asije akaambiwa uongo siku aliyokuwa anaogopa. Miaka mingi nilidhani kwamba mchana ule aliyekwama ni mimi. Nilikwama saa chache.

Kilichotokea ni hiki. Mtoto alinasa kwenye jiwe, akaitwa, akaogopa kuitika. Bibi yake aliitika badala yake, mtoto akatoka. Tangu siku ile mpaka alipokufa, bibi hakulala nje ya kilima kile hata usiku mmoja.